Nusu Siku ya Lango la Nne

Baba yake Apaikunda alikuwa amefariki tangu Jumanne, lakini Jumamosi asubuhi seva ya kata ilikuwa bado inamwonyesha yupo kazini. Kitone cha kijani kiliwaka pembeni ya jina lake: Anaeli Mlay, mshika mfereji wa Mreseni. Chini ya jina, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa: Ana mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa.

Apai alikuwa ametumwa miwani. Mama alitaka mzee azikwe nayo, maana bila miwani, alisema, hata huko aendako atakuwa anapapasa kuta. Miwani ilikuwa juu ya kishikwambi cha baba, kwenye meza ya dirishani, na alipoinyanyua kidole chake kikagusa kioo, kioo kikaamka. Siku nne zote hizo kishikwambi kilikuwa kimechomekwa kwenye chaja ya sola. Hakuna aliyekumbuka kukichomoa.

Mreseni ulikuwa mfereji wa kale, uliochimbwa kwa majembe. Theluji ya mlima ilipokwisha ukafa, kisha ukafufuka siku nyavu za ukungu zilipotandazwa kule juu msituni. Nyavu zilinasa ukungu, ukungu ukawa maji, maji yakateremka mpaka kwenye malango kumi na moja ya chuma yaliyofunguka na kujifunga yenyewe. Mafundi walioyaleta malango hayo walijaribu kwanza kuyapa ratiba, wakashindwa. Ratiba haikujua nani ana mgonjwa, nani ana harusi, nani ng'ombe wake kazaa jana. Aliyejua ni Anaeli. Basi wakayafundisha malango kusoma wiki yake binafsi, daftari la kwenye kompyuta alilokuwa akijiandikia mambo yake tangu ujana: kurasa za mfereji, kurasa za majirani, dawa za mifugo, tarehe za ubatizo, kila ukurasa umeunganishwa na mwenzake. Alichoandika kwa Kiswahili chake cha kila siku, malango yalikitii.

Daftari zima lilikuwa faili moja. Ukiifungua, faili yote inakuja kwenye kifaa chako, na utakachobadilisha kinabaki mikononi mwako tu mpaka ubonyeze Hifadhi. Hapo faili yote inapanda kwenye seva ya kata, ambako kijiji kizima kinaweka mafaili yake, na kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Ya zamani haibaki. Kamati ya mfereji ndiyo iliyoomba iwe hivyo, ili watu wasije wakafukua ugomvi wa miaka iliyopita.

Ukurasa aliouacha baba wazi uliitwa Lango la Nne. Apai aliusoma akiwa amesimama, miwani mkononi.

"Miaka ishirini na nne iliyopita niliandika hapa: Lango la Nne lipunguziwe nusu siku, Lango la Kwanza liongezewe, kwa muda, mtoto hajatengemaa. Sikuandika mwisho wa huo muda. Miaka mitatu ya kwanza nilisahau. Iliyobaki sikusahau. Mama Haika aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia ardhi yake imechoka. Naifuta amri ile. Kuanzia leo Lango la Nne lipewe"

Hapo maandishi yaliishia. Baada ya neno la mwisho kijistari kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, kama kinachomsubiri mtu aliyetoka kidogo kwenda kunywa maji.

Lango la Kwanza lilikuwa lao. Lilikuwa pale nje, hatua thelathini kutoka dirishani.

Apai alisomea utunzaji wa kumbukumbu, na chuoni walifundishwa kuokoa kwanza na kufikiri baadaye. Alibonyeza Hifadhi kama mtu anavyodaka kikombe kinachoanguka. Kioo kikageuka cha manjano.

"Faili iliyo kwenye seva ni mpya kuliko uliyonayo. Imehifadhiwa leo saa 12:40 asubuhi na Godlisten Mlay, kwa kibali cha msiba. Ukiandika juu yake, mabadiliko yake yatapotea."

Chini palikuwa na vitufe viwili. Acha. Andika juu.

Apai hakubonyeza chochote. Alikichomoa kishikwambi taratibu, akakifunika kwa kanga yake, akatoka na miwani ya baba mkononi.

*

Uani wanawake walikuwa wamezunguka rundo la ndizi mbichi, visu vinakwenda. Bomba kutoka Lango la Kwanza lilikuwa linamwaga maji bila kukoma. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya msiba: kwa desturi ya Mreseni, nyumba iliyofiwa hupewa mfereji mchana kutwa mpaka marehemu afukiwe. Listen, kaka yake mkubwa, ndiye aliyeyaandika asubuhi ile kwa kibali alichopewa na kamati. Hakujua kuwa faili hiyohiyo ilikuwa wazi chumbani kwa baba.

"Apai! Hiyo miwani uliifuata Moshi mjini?" aliita mwanamke mmoja kutoka kwenye rundo. Alikuwa Mama Haika, jirani wa mteremko wa chini, mjane mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. "Njoo umenye. Au chuo kimekukataza kushika utomvu?"

"Mwache, huyo anamenya vitabu," alisema mwingine, wakacheka kicheko kile cha msibani kinachoanza kwa nguvu na kukatwa katikati.

"Nakuja, Mama Haika," alisema Apai, na hakuweza kumtazama usoni. Alitazama mikono ya huyo mama. Ndizi alizokuwa akimenya hazikuwa zake. Mama Haika aling'oa migomba yake yote Apai akiwa darasa la tano, akaanza kufuga kuku, kwa sababu mshika mfereji alimshauri aipumzishe ardhi.

Listen alikuwa kaburini na mafundi, ameshika mpira wa maji, suruali ya suti imekunjwa mpaka magotini. Mafundi walikuwa wamekwisha kujenga kuta za ndani kwa matofali. Zege ya kufunikia ingekorogwa jeneza likishateremshwa.

"Kaka, naomba dakika moja."

"Dakika sina. Kuna nini? Mama kaanguka?"

"Hapana. Njoo usome kitu."

Walikwenda nyuma ya stoo ya kahawa. Listen alisoma mara ya kwanza upesi, mara ya pili polepole. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

"Funga."

"Nikifunga yanapotea. Hayapo mahali pengine popote."

"Ndiyo maana nakwambia funga." Alishusha sauti, maana watu walikuwa wakipita na viti. "Apai, mzee alikuwa na homa siku tatu. Alimwita mama kwa jina la shangazi Nkasaria. Unataka tuchukue maneno ya homa tuyatundike mbele ya watu leo? Leo?"

"Hayasomeki kama ya homa."

"Basi piga picha. Tukimaliza msiba tutakaa kama familia."

"Malango hayatii picha. Na nikiwaonyesha kamati hiyo picha, wewe utasema nini?"

Listen alikuwa mtu mkweli kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ukweli ule ulimtoka bila kupenda. "Nitasema umeandika mwenyewe."

Ng'ombe alilia zizini. Wote wawili wakageuka kutazama, wakashukuru kupata kitu cha kutazama.

"Mtendaji anamwandika baba saa ngapi?" aliuliza Apai, ingawa alijua.

"Saa kumi. Baada ya mazishi."

Pale kijijini hakuna anayeandikwa kuwa amekufa kabla hajafukiwa. Ni kama kumsukuma. Lakini mtendaji akishaandika, seva inajua. Kibali cha baba kingekufa dakika hiyohiyo, na daftari lake lingefungwa kama lilivyo, mwaka mzima, mpaka kijiji kimchague mshika mfereji mwingine.

"Mwaka mzima mwingine, kaka."

"Ameshakaa ishirini na nne," alisema Listen. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe akafumba macho. "Samahani. Mungu anisamehe. Sikiliza, mimi si mnyama. Kule bondeni nina miche elfu mbili ya parachichi, na sasa ni kiangazi. Unajua inakunywa kiasi gani? Haya, malizia basi. Sentensi yenyewe haijakwisha. Andika: lipewe robo siku zaidi. Mama Haika anapata kitu, miche haifi, mzee anazikwa kwa heshima yake. Mimi nitayarudisha maji ya msiba, ni kazi ya dakika mbili. Ila hayo mambo ya kusahau na kutosahau uyafute."

"Hayatakuwa maneno ya baba."

"Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Ukurasa ulikuwa wazi, kibali kilikuwa hai, na chochote ambacho Apai angeandika kingepanda kwa jina la Anaeli Mlay, kwa sahihi yake. Alijiona kama mtu aliyeingiza mkono wake ndani ya mkono wa koti la marehemu na kukuta bado una joto.

"Na nikiihifadhi kama ilivyo? Bila kuongeza herufi?"

"Amri isiyo na kipimo?" Listen alikuwa amemsaidia baba kwenye malango tangu utoto, aliyajua kama ng'ombe wake. "Malango yataacha maagizo yote. Yatakwenda mgao wa wote: zamu sawa kwa kila lango, kuanzia lililopungukiwa kuliko mengine, na hayatamsikia mtu mpaka kijiji kizima kikae. Hata kibali changu hakitafaa kitu." Alinyoosha kidole kuelekea uani, kwenye sufuria zilizopangwa juu ya mafiga, kisha kaburini, kwenye mchanga na mifuko ya saruji. "Watu mia nne, Apai. Na baba yako ndani ya shimo lisilo na mfuniko. Fikiri."

Mtu akamwita. Alikwenda, akarudi hatua mbili.

"Wasifu wa marehemu unausoma wewe," alisema, akimpa karatasi iliyokunjwa. "Mimi nitalia."

*

Mama alikuwa chumbani, amekaa kwenye godoro lililotandikwa chini, dada zake wawili wamemkinga huku na huku. Apai alimpa miwani, akasema ana neno naye. Mama wadogo wote wawili walitoka wakinung'unika kuhusu chai.

Apai aliusoma ukurasa kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye neno la mwisho hakujua ashushe sauti au aiache juu, akaiacha juu.

Mama alikuwa akiifuta miwani kwa ncha ya kanga. Alifuta kioo cha kulia, kisha cha kushoto, kisha akarudia cha kulia.

"Kumbe aliandika," alisema.

"Mama ulikuwa unajua?"

"Nilijua mwaka ule. Baadaye nikaacha kujua. Mtu unaweza kuacha kujua, mwanangu, ukiamua kila siku kidogo kidogo." Aliinyanyua miwani kwenye mwanga wa dirisha. "Ulizaliwa kabla ya siku zako. Kilo moja na robo. Ulikuwa na ngozi kama ya njiwa asiye na manyoya. Nesi akasema kila kitu kinachokugusa kifuliwe, kichemshwe, na maji ya mgao hayakutosha hata kwa nepi. Baba yako akasema, nitachukua pale chini nusu siku, wiki moja au mbili. Mama Haika alikuwa bado ana mume, wana shamba zuri. Hata hawakugundua."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Wewe ulikuwa mtoto wa kilo moja. Usijipe ukubwa usiokuwa nao." Mama alisema hivyo kwa ukali, kisha sauti ikamlegea. "Ulipopona, Listen akaanza bustani. Kisha ng'ombe wa pili. Maji yakishafika mahali yanapata kazi. Kila mwaka palikuwa na sababu, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kumwendea yule mama na kumwambia."

"Nifanye nini?"

"Nilikuogesha kwa hayo maji. Siwezi kukwambia yalikuwa machafu."

"Listen anasema nimalizie sentensi. Baba angeandika ngapi, mama? Wewe umeishi naye. Angesema lipewe ngapi?"

Mama alifikiri. Apai alimwona anafikiri kwelikweli, anamtafuta mumewe mahali fulani ndani ya kichwa chake, amkute amekaa mezani, amuulize. Alirudi mikono mitupu.

"Sijui," alisema. "Na wewe hujui. Hata yeye pengine hakujua, ndiyo maana akasita hapo." Akamrudishia miwani. "Kamvalishe. Uangalie isikae upande."

*

Jeneza lilifika saa saba. Apai alimvalisha baba miwani na haikukaa upande. Saa tisa kasoro watu wote walikuwa chini ya maturubai, kwaya imemaliza wimbo wa pili, mchungaji akamwita binti wa marehemu.

Apai hakuwahi kupenda kusimama mbele ya watu. Darasani alikuwa akijua jibu na kuliacha limpite. Alisimama na karatasi ya Listen katika mkono mmoja, kishikwambi kimebanwa kwapani chini ya kanga, akasoma kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliiinamia. Kuzaliwa. Ubatizo. Shule. Ndoa. Kisha akafika kwenye mstari alioutilia kaka yake wino mara mbili.

"Katika miaka thelathini na mmoja ya kushika mfereji wetu, marehemu hakuwahi..."

Mstari uliendelea: kumdhulumu mtu hata tone moja. Aliyaona maneno. Yalikuwa yameandikwa vizuri. Kwenye viti, safu ya nne kutoka mbele, Mama Haika alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla hata hajayasikia, macho yamemjaa machozi, kisu cha kumenyea bado kimo mkononi kwa sababu aliitwa kutoka kazini.

Apai alifungua mdomo. Kisha akaishusha karatasi.

"Pole, mama, pole," walisema wanawake, na mama mdogo mmoja akaja akamshika bega na kumkalisha. Mchungaji akaichukua karatasi na kuumalizia mstari kwa sauti nzuri ya kichungaji, na watu wakaitikia kwa mguno mzito wa kuafiki. Mguno ule ulimpita Apai mwilini kama baridi.

Jeneza liliteremshwa. Udongo wa mkono ulitupwa. Mafundi waliingia na makoleo, Listen na mpira wa maji, na kwaya ikaanza tena. Kwa desturi familia hukaa palepale mpaka mfuniko umekamilika. Saa iliyokuwa pembeni ya kioo cha kishikwambi ilionyesha tisa na dakika arobaini. Upande wa pili wa kaburi mtendaji, Bwana Kisanga, alikuwa ameketi na simu yake gotini. Alikuwa mtu wa kuheshimu saa.

Chini ya kanga, kijistari kilikuwa bado kinawaka na kuzimika baada ya neno lipewe. Kidole cha Apai kilikaa karibu na herufi. Robo siku. Nusu siku. Siku nzima, kwa miaka ishirini na nne. Alijaribu kila kipimo kichwani na kila kimoja kilikuwa na sauti yake mwenyewe, hata kimoja hakikuwa na sauti ya baba. Baba alikuwa amesita. Kule kusita ndiko kulikuwa kitu chake cha mwisho.

Hakuongeza herufi. Hakuondoa. Alibonyeza Hifadhi, kioo kikawa cha manjano, akabonyeza Andika juu.

Kwa muda wa kama pumzi kumi hakuna kilichotokea. Kisha kutoka upande wa uani, chuma kiligonga chuma. Mpira mkononi mwa Listen ulikohoa, ukatema mara mbili, ukalegea.

"Maji!" alipaza sauti fundi. "Maji huko!"

"Tangi!" alisema mwingine.

"Tangi tumelitumia kupikia tangu asubuhi, halina kitu."

Zege ilikuwa imeshika nusu ya kaburi. Nusu nyingine palikuwa na nondo, na chini ya nondo, mbao za jeneza zilizokuwa ziking'aa. Listen alinyanyua uso. Alimtafuta dada yake kwenye viti, akampata. Alimtazama hivyo tu, mpira umening'inia mkononi, mpaka Apai akasimama.

Katikati ya minong'ono simu ililia. Mama Haika aliipokea, akasikiliza, akasema, "Nini? Unasema nini, Haika?" Kisha akaondoka karibu mbio, anateremka mteremko na kisu chake.

Apai alichukua ndoo iliyokuwa karibu na sufuria, akakunja kitenge kuwa ngata, akamfuata.

*

Aliwakuta kuku juu ya mapaa. Maji yalikuwa yameingia uani kwa Mama Haika kupitia Lango la Nne lililofunguka lote, yanatafuta njia. Vijifereji vya zamani vilikuwa vimejaa udongo tangu migomba ilipong'olewa, kwa hiyo maji yalikwenda hovyo, yanazunguka banda, yanarudi, yanasimama kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Haika alikuwa anahamisha magunia ya pumba. Mama yake amesimama katikati, viatu vya msiba mkononi, maji yamemfika vifundoni. Alikuwa anacheka.

"Apai! Njoo uone! Baba yako ananiaga!" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nilijua. Nilisema moyoni, yule mzee hawezi kuondoka hivihivi. Aliniambia niipumzishe ardhi, nikaipumzisha, sasa ameniletea maji. Siku ya mazishi yake! Ona mtu!"

Apai alisimama kwenye ukingo wa maji. Ingewezekana kuishia hapo. Lango limefunguka, mjane anafurahi, marehemu amesifiwa. Juu kule kwaya ilikuwa imeanza kuurudia wimbo uleule kutoka mwanzo, ili kujaza muda.

"Mama Haika," alisema. "Naomba nikusomee."

Alisoma. Alikiegemeza kishikwambi kwenye ndoo. Alisoma yote, pamoja na mtoto hajatengemaa, pamoja na iliyobaki sikusahau, na alipofika kwenye lipewe akanyamaza, kwa sababu hakukuwa na zaidi.

Haika aliweka gunia chini. Mama Haika alikuwa ameacha kucheka, lakini uso wake ulikuwa bado haujapata sura nyingine ya kuvaa.

"Kaandika mara mbili?" aliuliza.

"Ndiyo. Kwamba ulimuuliza mara mbili."

"Ni kweli. Mara mbili." Aliyatazama maji. "Mara ya tatu sikumuuliza. Mara ya tatu nilimpelekea jogoo, kumshukuru kwa ushauri. Alimpokea. Akasema, asante sana, Mama Haika."

Kitone cha kijani kwenye kishikwambi kilizimika. Saa kumi ilikuwa imefika.

"Migomba ile alinipandia mama mkwe," alisema Mama Haika. "Niliing'oa kwa mikono hii. Siku nne." Kisha akaiangalia ndoo ya Apai. "Na ndoo umekuja nayo ya nini?"

Apai alionyesha juu kwa kidevu. "Zege imeishia katikati. Hatuna maji ya kumfunikia."

Mama Haika alitazama juu mteremkoni. Kutoka pale yalionekana maturubai, na pembeni yake watu wadogo wadogo kama vivuli waliosimama kulizunguka shimo, wakisubiri.

"Chota," alisema.

Apai alichota. Aliweka ngata kichwani, akaishika ndoo ukingoni, akainama, na kama alivyofanya maisha yake yote, kama kila mwanamke wa Mreseni alivyofanya, akasubiri mikono ya aliye jirani ije imsaidie kuinua. Mikono haikuja. Alinyanyua macho. Mama Haika alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, ameshikilia viatu vyake kifuani.

"Sikutwiki, mwanangu," alisema bila hasira. "Leo hapana."

Apai alipiga goti ndani ya maji. Aliipandisha ndoo pajani, akapumua, akaipandisha kifuani, ikamwagika shingoni na mgongoni, baridi ya kule juu kwenye nyavu. Mara ya kwanza ilimshinda. Mara ya pili ilikaa kichwani, imepungua karibu nusu. Alisimama polepole na kuanza kupanda.

Alipofika kwenye kona alisikia nyuma yake sauti ya chuma kikikwangua udongo. Hakuweza kugeuza kichwa kwa sababu ya ndoo, ila aliitambua. Mama Haika alikuwa amepiga magoti na kisu cha kumenyea ndizi, anafukua vijifereji vyake.